Palermo kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kuuzunguka Mji Ukiwa na Mwongozaji

Siku yangu ya kwanza Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, nilikuwa nimesimama katika soko la Ballarò. Mtoto mmoja akateleza kwenye mawe yaliyolowa maji ya samaki, akaanza kulia. Mama muuza malimau akaweka mkono kifuani, akasema kwa huruma: "Mischinu!" Nikageuka ghafla, maana nilikuwa nimeelewa. Hutamkwa miskinu, na husemwa pale pale ambapo sisi Mombasa tungesema: maskini!

Historia ndiyo iliyotukutanisha. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, Waarabu na Waberberi, yaliuteka mji huu mwaka 831, na Waislamu wakaushika mpaka Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, walipouchukua mwaka 1072. Maneno waliyoyaacha Sisilia ni ndugu wa maneno yaliyofika pwani yetu kwa jahazi. Kasri, amiri, halisi, azizi, kuba, zabibu: yote utayakuta Palermo, yamevaa nguo nyingine. Lakini ukipita peke yako na ramani ya simu hutayaona. Utaona makanisa mazuri, utapiga picha, utakwenda zako. Ndiyo maana nasema siku ya kwanza mlipe mwongozaji, mtembee saa tatu au nne, na umwambie mapema kwamba unaitaka Palermo ya Waarabu na Wanormani. Siku zitakazobaki utatembea mwenyewe, masikio yakiwa yamekwisha kufunguka.

Nimeandika mwongozo huu kwa safari ya siku tatu. Ukiwa na siku mbili, iache ya mwisho. Ukiwa na siku moja tu, kwa mfano umeshuka kwenye meli ya kitalii, ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: viza, msimu na njia

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi au Oman anahitaji viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, na utatakiwa uonyeshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kama Palermo ndiyo safari yenyewe, ombi linakwenda Italia. Kama unapitia Ufaransa kumsalimia dada kwa wiki mbili na Sisilia ni siku tatu, ombi linakwenda Ufaransa, kwa sababu hutazamwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ubelgiji na nchi nyingine za Schengen hawahitaji viza nyingine kwa ziara fupi. Wanaoishi Uingereza kwa kibali tu, bila uraia, bado wanaihitaji, na kila mwaka wapo wanaoligundua hilo wakiwa wamekwisha nunua tiketi.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, mwanzo wa Juni, halafu Septemba na Oktoba. Julai na Agosti usidhani kwamba kwa kuwa umekulia Tanga au Bukavu joto halitakusumbua. Mawe ya mji hushika jua mchana kutwa, na ukivuma upepo wa *scirocco* kutoka upande wa Sahara hewa huwa kama ya mdomo wa tanuri. (Jina hilo, na neno letu mashariki, yanatoka kwenye shina moja la Kiarabu.) Anayekuja Julai kwa makusudi huja kwa ajili ya usiku wa tarehe 14, sikukuu ya Mtakatifu Rosalia, ambaye wenyeji wanaamini aliwaokoa na tauni ya mwaka 1624. Usiku huo mji wote uko barabarani.

Kwa ndege utatua uwanja wa Falcone-Borsellino, kama kilomita 35 magharibi ya mji. Kuna treni na basi. Ukiwa tayari uko Italia, fikiria meli ya usiku kutoka Napoli: unapanda jioni, asubuhi unaamka bandari ya Palermo na mlima Pellegrino uko mbele yako. Ipo pia treni kutoka Roma ambayo mabehewa yake huingizwa ndani ya meli kuvuka mlango wa bahari wa Messina, abiria wakiwa humo humo. Watoto wangu hawajaisahau.

Tafuta malazi kati ya Quattro Canti, njia panda ya katikati ya mji, na Teatro Massimo, nyumba ya opera, ili kila kitu uende kwa miguu. Mtaa wa soko la Vucciria ni pazuri kupita jioni, lakini kulala hapo na mtoto mdogo ni kukesha. Na ujue hoteli itakudai kodi ndogo ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni.

Hatua ya pili: kumpata mwongozaji anayefaa

Italia, kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Mwongozaji halali amefanya mtihani na hubeba kitambulisho, kwa kawaida kikiwa kimening'inia shingoni. Usione haya kukiuliza. Anayekusogelea mlangoni mwa kanisa kuu akasema "rafiki, njoo nikuonyeshe" bila kitambulisho, mshukuru na uendelee na safari yako.

Ziara ziko za namna tatu. Ipo ya kundi, ambayo unanunua nafasi yako na kutembea na wageni usiowajua. Ipo ya binafsi, unamkodi mwongozaji kwa ajili yako na wenzako. Na ipo ile inayoitwa ya bure, ambayo mwisho wake kila mtu hutoa bakshishi kadiri alivyoridhika. Hii ya mwisho si ya bure kweli: yule mtu amekuja kazini, na bakshishi ndiyo mshahara wake. Usiondoke kimya kimya kwenye kona ya mwisho.

Mkiwa wanne au zaidi, familia au kikundi cha marafiki, piga hesabu ya ziara binafsi kabla ya kuiogopa. Gharama yake ikigawanywa huwa haiachani sana na ya kundi, na faida yake ni kubwa: mnaweza kusimama. Niliwahi kujiunga na kundi la watu zaidi ya arobaini waliofuata kibendera. Tulipewa vifaa vya kusikilizia masikioni, na kila nilipotaka kuangalia dari kwa dakika mbili, sauti ilianza kukatika kwa sababu mwongozaji alikuwa amekwisha kata kona. Kundi la watu kumi na watano ndio mwisho wangu sasa.

Kabla ya kulipa, mwandikie na umuulize mambo haya. Tiketi za kuingilia zimo katika bei au kila mtu atajilipia? Mtaingia ndani ya Cappella Palatina, kanisa lililo ndani ya kasri la wafalme, au mtaitazama kasri kwa nje tu? Soko la Ballarò limo, na chakula cha kuonja kimo? Ana lugha gani? Kiingereza na Kifaransa hupatikana kwa urahisi, kwa hiyo ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi hawana tabu. Kiarabu kipo pia ukitafuta mapema. Mwisho mwandikie sentensi moja: tunatoka pwani ya Afrika Mashariki, lugha yetu ina maneno mengi ya asili ya Kiarabu, tungependa utuonyeshe yaliyobaki katika mji wenu. Mwongozaji anayeipenda kazi yake atafurahi kupata ombi la namna hiyo, kwa sababu kila siku anaulizwa mambo yale yale ya mafia na piza.

Jambo dogo lenye kuleta hasara: saa zao huandikwa kwa mtindo wa 24. Ziara ya 9:00 ni saa tatu asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Iandike kwa saa zetu kwenye karatasi, mzee wa safari aishike.

Hatua ya tatu: mkoba wa siku

Viatu vya soli laini, kwa sababu mawe ya Palermo yamesuguliwa na karne nyingi yakawa kama kioo. Chupa ya maji. Sarafu na noti ndogo za sokoni. Na leso. Makanisani huruhusiwi kuingia na mabega wazi au kaptula fupi, na mlangoni wageni hununua vitambaa vya karatasi vya kujifunika. Kanga moja inakutosha kwa bega, kwa jua, na kwa kukalia ngazi ukichoka. Simu na pochi viwe mbele ya mwili sokoni, kama vile ungefanya Kariakoo.

Hatua ya nne: asubuhi, kutoka kasri kuteremka mjini

Omba ziara ianzie juu, kwenye Palazzo dei Normanni, yaani kasri la Wanormani, saa ya kufunguliwa. Ziara nyingi huanzia katikati ya mji na kufika kasri saa tano, foleni ikiwa imekwisha kuzunguka ukuta. Ukianzia juu unapata ukimya wa asubuhi, halafu njia yote iliyobaki inateremka kuelekea baharini. Epuka asubuhi ya Jumapili, kwa sababu kunakuwa na misa. Na ukitaka kuona pia vyumba vya kifalme, uliza siku, kwani ndani ya jengo hilo ndimo lilimo bunge la Sisilia, na wabunge wakikutana vyumba hivyo hufungwa.

Hapa usiharakishe. Roger wa Pili, Mnormani, alivikwa taji la Sisilia siku ya Krismasi mwaka 1130, na kanisa lake la ndani, Cappella Palatina, likawekwa wakfu mwaka 1140. Kuta zimejaa mozaiki za dhahabu, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vidogo, kazi ya mafundi wa Kigiriki. Watu wote huziangalia hizo. Wewe inua shingo. Dari ni ya mbao, imechongwa kwa vijipango vinavyoning'inia kama sega la asali, kazi ya mafundi wa desturi ya Kiislamu, na kila kijipango kimechorwa: wapiga ala, wacheza sataranji, ngamia, wanyama, na hati za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, zenye maneno ya heri. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa baraka. Ni baraka hii hii tunayoitakiana. Mfalme Mkristo alisali chini ya dua zilizoandikwa kwa Kiarabu, na hakuona kosa.

Kabla ya kutoka, muulize kuhusu al-Idrisi. Huyu alikuwa mwanajiografia wa Kiislamu aliyefanya kazi katika baraza la Roger. Mwaka 1154 alimaliza kitabu cha dunia pamoja na ramani, kusini ikiwa juu, na mfalme akaagiza dunia hiyo ichorwe juu ya bamba la fedha. Katika kitabu hicho imo pwani ya Zanji, nayo ni pwani yetu: Malindi imetajwa, pamoja na chuma chake. Yaani miaka karibu 350 kabla ya Vasco da Gama kuiona Malindi, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa Palermo. Nilipomsimulia mwongozaji wangu, mama aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya kasri, alitoa kalamu akaandika Malindi kwenye kiganja cha mkono. Alikuwa akimtaja al-Idrisi kila siku, na hakuwahi kukutana na mtu wa kule alikokutaja.

Kutoka hapo hadi kanisa kuu ni dakika chache. Lilianza kujengwa mwaka 1185, na limeongezwa na kubadilishwa mpaka limekuwa la mitindo mitano. Usiingie moja kwa moja. Kwenye ukumbi wa kusini, nguzo ya kushoto kabisa ina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa: ni aya ya Kurani, ya sura ya Al-A'raf, inayosema kuhusu Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi. Nguzo hiyo inaaminika ilitoka kwenye jengo la Kiislamu la zamani, na hakuna askofu aliyeifuta. Wageni huiegemea wakipigwa picha bila kujua. Ndani kuna kaburi la Roger mwenyewe na la mjukuu wake Frederick wa Pili, na sakafuni kuna mstari wa shaba wa kupimia jua la adhuhuri, uliowekwa mwaka 1801 na Giuseppe Piazzi, yule yule aliyegundua sayari ndogo ya Ceres angani mwaka huo huo akiwa hapa Palermo.

Sasa teremkeni barabara ya Vittorio Emanuele. Jina hilo liko kwenye kibao tu; wenyeji huiita Cassaro, nalo ni al-Qasr, kasri letu. Mtafika Quattro Canti, njia panda iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 17, yenye kuta nne zilizopinda, kila ukuta ukiwa na msimu mmoja wa mwaka, mfalme mmoja wa Uhispania na mtakatifu mmoja mwanamke. Simama katikati uzunguke polepole: saa yoyote ya mchana, kona moja inapata jua.

Hatua chache mbele, chemchemi ya Pretoria. Ilitengenezwa kwa ajili ya bustani ya Firenze, ikauzwa, ikaletwa hapa miaka ya 1570 ikiwa vipande 644, na kwa sababu ya sanamu zake zilizo uchi watu wakaiita chemchemi ya aibu. Dakika tano zinatosha.

Dakika zilizobaki zitumie kanisa la Martorana. Jina lake kamili ni Santa Maria dell'Ammiraglio, na huyo ammiraglio ni neno letu amiri lililozunguka bahari. Alikuwa George wa Antiokia, mkuu wa majeshi ya bahari ya Roger, aliyelijenga mwaka 1143. Tafuta mozaiki ya Kristo akimvika Roger taji. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alipita Palermo Krismasi ya mwaka 1184 akalisifu kanisa hili mno, na akaandika kwamba aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani wamejitanda shela na kujipamba kama wanawake wa Kiislamu. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la nyuma niliwafikiria hao akina mama, nikaona kama nawajua. Jirani yake ni San Cataldo, kanisa dogo lenye kuba tatu nyekundu. Kuba, ndiyo, nalo neno ni lile lile.

Hatua ya tano: Ballarò, na namna ya kula

Fikeni Ballarò kabla ya saa saba mchana. Utalisikia kabla ya kuliona. Wauzaji wanaita bidhaa zao kwa sauti ya kuvuta, nusu wimbo, na mtindo huo una jina lake: *abbanniata*. Aliyewahi kusimama Marikiti au Kongowea alfajiri anajua kwamba sauti ya muuzaji ni sehemu ya bidhaa. Chini ya mahema mekundu kuna samaki upanga wamesimamishwa pembe juu, mbilingani, nyanya zilizokaushwa, mizeituni, na zabibu za aina inayoitwa *zibibbo*. Litamke jina hilo polepole.

Sasa chakula. Anza na *panelle*: unga wa dengu hupikwa na maji mpaka ukawa uji mzito, hutandazwa ukapoa, ukakatwa vipande vyembamba, ukakaangwa na kutiwa ndani ya mkate wa ufuta. Kamulia limau. Anayejua bhajia atajisikia nyumbani kwa kutafuna mara moja. *Crocchè* ni za viazi na majani ya nanaa au parsli. *Arancina* ni tonge la wali wa zafarani lililojazwa nyama au siagi, likakaangwa. Hapa Palermo jina hilo ni la kike, ukisema arancino utasahihishwa, maana hiyo ni lugha ya Catania, mji wa mashariki ya kisiwa. *Sfincione* ni mkate mnene wa kitunguu, nyanya, dagaa wa chumvi na jibini. Kwa wenye moyo, kuna *stigghiola*, utumbo wa kondoo uliozungushiwa kitunguu cha majani ukachomwa juu ya makaa, na *pani ca' meusa*, mkate wa wengu na pafu la ndama.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, uliza kabla ya kununua. Arancina ya siagi kwa kawaida ina nyama ya nguruwe ndani, na ile ya nyama mara nyingi ni mchanganyiko. Wengu hukaangwa katika mafuta ya nguruwe. Hata *cannolo*, kitamu kile cha jibini ya kondoo, ganda lake kwa desturi lina mafuta hayo. Neno la kuulizia ni *strutto*, mafuta ya nguruwe: "C'è strutto?", yaani yamo? Panelle ni salama kwa viungo vyake, ila uliza kama mafuta yaliyokaangia hayakukaangia kitu kingine. Na ukitaka nyama bila wasiwasi, ndani ya Ballarò yenyewe zipo bucha na migahawa ya halali, kwa sababu mtaa huu sasa ni wa watu wa Bangladesh, Ghana, Naijeria, Gambia, Tunisia na kwingineko. Misikiti ipo mjini, mwongozaji atakuelekeza.

Kabla ya kuondoka, mwombe akuonyeshe mchoro mkubwa wa ukutani wa Benedikto Mwafrika. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani Sisilia. Yeye aliachwa huru, akawa mtawa na mpishi wa nyumba ya watawa nje kidogo ya mji, wenzake wakamchagua awe mkuu wao ingawa hakujua kusoma. Alifariki mwaka 1589, na mwaka 1807 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Palermo inamhesabu miongoni mwa wasimamizi wake pamoja na Rosalia. Nilimwona bibi mmoja wa Kisisilia akipita pale na mfuko wa mbilingani, akamwinamia kichwa yule mtu mweusi ukutani, akaendelea na safari.

Hapa ndipo ziara ya kuongozwa huishia. Mpe mwongozaji bakshishi ukipenda, na muulize anakula wapi yeye Jumapili. Jibu lake andika.

Hatua ya sita: mchana lala, jioni toka

Makanisa mengi hufungwa kati ya saa saba na saa kumi, na maduka ya mitaani vivyo hivyo. Usishindane nao. Rudi chumbani. Alasiri nenda Teatro Massimo, nyumba ya opera iliyofunguliwa mwaka 1897, kubwa kuliko zote Italia. Ina ziara zake fupi za kuongozwa mchana. Ilifungwa mwaka 1974 kwa matengenezo, ikakaa miaka 23. Baada ya hapo, barabara ya Maqueda jioni haina magari. Familia nzima, bibi hadi mjukuu, zinatembea bila kwenda popote, na wewe utembee nazo.

Hatua ya saba: siku ya pili

Asubuhi nenda Zisa, kasri la mapumziko lililoanzwa mwaka 1165. Jina ni al-Aziza, azizi. Lilijengwa lipokee upepo wa bahari, upite juu ya maji ya chemchemi ndani ya ukumbi na kupoza vyumba. Humo kuna jiwe la kaburi la mwaka 1149 ambalo padri mmoja alilichongesha kwa ajili ya mama yake, Anna. Limeandikwa kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, na kila upande tarehe imehesabiwa kwa kalenda ya watu wake. Simama hapo kwa muda wako.

Mchana pita Kalsa, mtaa wa karibu na bahari: al-Khalisa, halisi, uliojengwa mwaka 937 kuwa ngome ya watawala. Ukitaka kuona vibao vya majina ya mitaa vyenye Kitaliano, Kiebrania na Kiarabu, vitafute jirani na Via Meschita, yaani barabara ya msikiti.

Alasiri chukua ziara ya pili ya kuongozwa, na hii nakusihi usiiache. Mwaka 2004 vijana wa Palermo walianzisha harakati ya Addiopizzo. *Pizzo* ni fedha ambazo mafia huwatoza wenye maduka kwa vitisho, na vijana hao walikusanya maduka yaliyokataa kulipa ili wateja wayajue na wayaunge mkono. Leo wana ziara za matembezi: mnapita mbele ya milango hiyo, mnasikia nani alikataa na nini kikamfuata. Mtasikia pia kuhusu Ballarò mwaka 2016, wafanyabiashara wengi wao Wabangladeshi walipokwenda polisi kuwashtaki waliokuwa wakiwanyanyasa na kuwatoza, na watu wakakamatwa. Ni wahamiaji, wangeweza kusema hili si letu. Maduka yanayoshiriki yana kibandiko mlangoni. Zawadi za nyumbani nunua humo. Na tafadhali, usinunue fulana na vikombe vya kuchekea mafia. Katika mji huu kuna watu ambao baba yao aliuawa.

Hatua ya nane: Monreale, kisha nyumbani

Siku ya tatu panda basi kutoka Piazza Indipendenza, jirani na kasri, hadi Monreale mlimani, kama kilomita nane. Kanisa la mfalme William wa Pili lina mozaiki za dhahabu zaidi ya meta za mraba 6,000, na ua wa watawa wenye nguzo pacha 228, hakuna jozi mbili zinazofanana sawasawa. Mwongozaji hapa si lazima. Kifaa cha sauti kinatosha, kwa kuwa picha ukutani zinasimulia Biblia kwa mpangilio na utazifuata mwenyewe. Kama watoto wamechoka na makanisa, wapeleke ufuko wa Mondello wakaogelee, mama au baba mmoja aende Monreale.

Kurudi uwanja wa ndege, chagua basi badala ya treni. Karibu na mji mdogo wa Capaci, pande mbili za barabara kuu, zimesimama nguzo ndefu za rangi ya damu zilizoandikwa tarehe: 23 Mei 1992. Hapo bomu la mafia lilimuua hakimu Giovanni Falcone, mke wake Francesca Morvillo, na walinzi watatu: Antonio Montinaro, Rocco Dicillo na Vito Schifani. Hakimu mwenzake Paolo Borsellino aliuawa tarehe 19 Julai mwaka huo huo pamoja na walinzi watano. Ni majina yao wawili utakayoyasoma juu ya mlango wa uwanja. Basi linapita kasi, kwa hiyo ukishaona kibao cha Capaci funga simu, uangalie nje.